Pikipiki Niliyoivika Mbeleko ya Mwanangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Mjimwema! Asifiwe na ninyi mliowahi viti, asifiwe na ninyi mliosimama pale mlangoni na ukungu mabegani! Mimi ni Nahumu, seremala. Wengi wenu mmekalia mabenchi yangu hivi sasa, na kama kuna linaloyumba, nisameheni. Nililitengeneza siku zile ninazotaka kuwasimulia, siku ambazo akili yangu haikuwa kwenye mbao.

Ushuhuda wangu ni wa pikipiki. Namwona mwalimu Ezekia anacheka. Cheka tu, mwalimu! Wewe umenunua yako juzijuzi, na karani wa baraza nasikia anangoja yake ifike. Ndiyo maana nimemwomba mwinjilisti anipe nafasi leo, kabla hamjafika mbali.

Yangu niliipata kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya miti ya miwati aliyekuwa anarudi kwao. Nilimtengenezea masanduku ya kufungia vyombo, nyumba nzima, mpaka kinanda cha mkewe. Nilipomaliza akanipeleka ghalani, akavuta turubai, akasema malipo yako ni hii. Haikuwa ndogo kama zile wanazopanda makarani, wala haikuwa kubwa kama ya polisi. Ilikuwa ya kati, ndefu, tumbo lake karibu na ardhi, na ngurumo yake ilikuwa nzito ya polepole. Ndugu zangu, nilipoisikia ikinguruma mara ya kwanza nilisahau kumshukuru yule bwana.

Nilijifunza kuiendesha kwa kuanguka. Nilipoacha kuanguka nikaanza kuipamba. Mnajua seremala hawezi kuona kitu akakiacha kilivyo! Nilikishusha kiti, nikakifanya kipana chenye mgongo, mtu akikaa anajiegemeza kama yuko kwenye kiti cha uvivu barazani kwake. Nilichonga vibao vya kukanyagia, nikavipiga msasa mpaka vikawa laini kama uso wa meza. Mhunzi akanipinda usukani upya, ukapanda juu, ukarudi nyuma kunifuata mikononi. Tangi nililipaka rangi ya samawati, na juu yake nikachora ua jeupe. Nikaipa na jina. Nikaiita Malkia.

Sasa niseme kweli yote, maana nisipoisema huu hautakuwa ushuhuda. Ilikuwa tamu! Asubuhi nilikuwa natoka wakati ukungu umelala juu ya miwati, barabara haionekani zaidi ya hatua kumi. Nilikaa nimejilaza, mikono juu, miguu mbele, na ile ngurumo ikinipanda mgongoni. Nyumba zilitoka kwenye weupe, zikaniangalia, zikarudi kwenye weupe. Niliona kama sina uzito, kama barabara ndiyo inayotembea na mimi nimekaa tu. Mara nyingi nilifuata mbao nikajikuta nimepita mahali pa mbao bila kujua, natabasamu peke yangu. Watu waliniamkia, nami niliwasikia nilipokwisha kuwapita. Nilikuwa macho lakini naota, ndugu zangu, na sikutaka kuamshwa.

Mnaijua baridi yetu. Wakati wa sakitu, nyasi zinapoamka nyeupe, Malkia alikuwa hawaki. Nampiga kiki mpaka goti linauma, anakohoa tu. Nikawaza, huyu anasikia baridi. Tazameni kichwa cha mtu wa Njombe kinavyofikiri! Nilipoitazama injini niliona vile vyuma vyembamba vilivyopangana kuizunguka, nikadhani ni mbavu. Nikamwonea huruma, kwamba amekonda na hana hata nguo.

Kwanza nikamwingiza ndani ya nyumba. Nikamweka chumbani karibu na moto. Mke wangu Rebeka alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, Tumaini, hajatimiza hata miezi mitatu. Chumba ni kimoja, harufu ya petroli ikajaa, mtoto akaanza kukohoa. Rebeka akaniambia, "Baba Tumaini, mtoto hapumui vizuri. Hicho chombo kitoe." Nikamjibu, "Kikilala nje asubuhi hakiwaki." Alichukua mkeka wake na mtoto wake akahamia jikoni, kwenye kile kibanda ambacho upepo unaingia huku na kutokea kule. Nami nikaona ametupa nafasi, mimi na Malkia.

Bado mnaniita ndugu? Basi ngojeni.

Mnajua desturi yetu, mama mzaa mke anapoletewa habari ya mjukuu wa kwanza huleta mbeleko ya ngozi ya kondoo. Mama mkwe wangu aliilainisha yeye mwenyewe kwa mikono na mafuta, akaileta kwa miguu kutoka Makambako mpaka kwangu. Manyoya yake yalikuwa mazito, mtoto akifungwa ndani haonekani ila kisogo. Siku moja Rebeka yupo mtoni niliichukua ile ngozi. Niliikata kwa kisu cha kazi, nikaizungushia injini, nikaifunga kwa waya. Ilimkaa Malkia vizuri sana! Nilisimama mbali nikaitazama, nikasema sasa amekamilika.

Rebeka aliporudi alikuta vipande sakafuni. Aliviokota kimoja kimoja, akavikunja. Alimfunga Tumaini kwa kanga mbili na shati langu kuukuu, akaenda kwao. Sikumzuia. Nilikuwa nafunga kioo cha pembeni.

Nyumba ilipokuwa tupu kwa majuma matatu nilianza kusikia njaa, halafu aibu, halafu kitu ambacho hakikuwa njaa wala aibu. Nilimtaka mke wangu. Lakini tazameni nilivyopanga kumpata! Kwetu mke akirudi kwa wazazi wake, mume huenda kumwomba na wazee wake, kwa miguu, wakakaa chini wakaulizwa maswali. Mimi nilisema hapana, nitakwenda na Malkia. Nitaingia kwa wakwe zangu ninang'aa, watoto watapiga kelele, Rebeka atatoka, ataliona lile ua jeupe, atapanda nyuma, tutaondoka. Hivyo ndivyo nilivyoiona akilini, mchana na usiku, mpaka nikaiamini.

Nikaondoka alfajiri. Siku ile ukungu uliondoka mapema, jua likatoka, na kadiri nilivyoikaribia Makambako joto likazidi. Mimi nimejilaza, naota nitakavyoshangiliwa. Nikasikia harufu ya manyoya yanayoungua. Nikasema moyoni, mahali fulani wanachoma mbuzi, wana heri! Sikutazama chini. Ngurumo ikabadilika, ikawa ya kukwaruza, na katikati ya mteremko injini ikakwama pale pale. Gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Malkia akayumba kushoto, akayumba kulia, tukaingia sote kwenye mtaro, mimi chini yeye juu.

Mguu wangu ulibanwa. Nilisukuma, hakusogea. Sikuvunjika, Bwana asifiwe, lakini sikuweza kutoka, na lile bomba la moshi lilikuwa sentimeta chache tu kutoka kwenye ngozi ya goti langu. Nililala nikitazama mawingu. Yalikuwa yanakwenda taratibu sana. Na palikuwa kimya! Miezi yote ile sikuwa nimesikia kimya. Nilisikia nyuki kwenye maua ya mtaroni, nikasikia maji mbali, nikamsikia ndege mmoja anaita na kungoja, anaita na kungoja. Sijui nililala pale muda gani.

Halafu nikasikia sauti za wanawake. Walikuwa Wakatoliki wanaotoka misioni, ndiyo, Wakatoliki, Bwana hachagui anayemtuma! Walikuwa watano, na aliyetangulia alikuwa mama mtu mzima, Mama Skolastika. Akaweka mzigo wake chini, akanichungulia mtaroni.

"Kamwene," akasema.

Nami niko chini ya pikipiki! Lakini adabu ni adabu. Nikaitikia, "Kamwene, mama."

"Mmeamkaje?"

"Tumeamka salama, mama."

"Mvua huko kwenu?"

"Zimenyesha, mama."

"Mahindi?"

"Tumeyavuna vizuri."

"Na mama watoto, hajambo?"

Ndugu zangu, mnajua jinsi neno hilo linavyojibiwa. Tunalijibu tukitembea, tunalijibu bila kufikiri. Hata mgonjwa wetu akiwa kitandani tunasema hajambo kidogo, ndipo tunaeleza. Nikafungua mdomo niseme hajambo. Neno halikutoka! Nikajaribu tena. Nikamwona Rebeka anaokota vile vipande sakafuni na kuvikunja, na kwa mara ya kwanza nikamwona kweli, mikono yake, na jinsi alivyokuwa hatazami upande wangu. Nikalia kama mtoto, pale mtaroni, mbele ya wanawake watano nisiowajua.

"Sijui, mama," nikasema. "Sijui kama hajambo."

Mama Skolastika akawaambia wenzake, "Shikeni huku." Wakashika, wakahesabu, wakainyanyua, nikatoka. Pale pale nikapiga magoti, nikamwomba Mungu anisamehe, nao wakapiga magoti pamoja nami, wakafanya ishara ya msalaba, na mimi nikasema amina. Niliamka siku ile, ndugu zangu! Nilikuwa nimelala tangu ghala la yule Mzungu.

Pikipiki tuliisukuma mpaka nyumbani kwa Mama Skolastika, nikaiacha. Ngozi niliifungua kwenye waya. Upande wa ndani ulikuwa umekuwa mweusi na mgumu. Niliikunja, nikaenda kwa miguu mpaka Makambako, nikafika jua linapunga.

Mkwe wangu, Mzee Zakaria, alikuwa anapukuchua mahindi barazani. Nikaketi chini mbali naye, nikaiweka ile ngozi mbele yake. Aliitazama, akaacha kupukuchua. Mama mkwe alikuwa ndani, na kwa kuwa mkwe na mama mkwe hawatazamani, nilimsikia tu akivuta pumzi nyuma ya ukuta.

"Umekuja na nani?" mzee akaniuliza.

"Peke yangu, baba."

"Mwanangu, mke haombwi na mtu mmoja. Nenda kwenu. Urudi na watu wako, tuwasikie." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Mtoto anakohoa kidogo tu sasa. Amenenepa."

Rebeka sikumwona. Wakanipa ugali na maharage, wakanilaza kwa jirani, na asubuhi nikarudi Njombe kwa miguu. Sikuwa na ngurumo ya kunibeba. Kila niliyekutana naye nilisimama, nikaamkia, nikaitikia mpaka mwisho, na ilinichukua siku mbili.

Nyumbani nilichimba sakafu ya chumba chote, maana udongo ulikuwa umenyonya mafuta. Nikatoa ule udongo kwa karai, nikaleta mwingine kutoka bondeni, nikasiriba kwa mikono yangu. Majirani walicheka kwamba Nahumu anafanya kazi ya wanawake. Nikawaacha wacheke. Halafu nikamchukua baba yangu mdogo na mwinjilisti wetu huyu mnayemwona, tukatembea kwenda Makambako. Mwinjilisti, miguu ilikuuma, najua! Tuliketi, tukaulizwa, nikasema yote niliyoyasema leo, sikuacha hata kile kisu. Mama mkwe akaongea kutoka ndani kwa mara ya kwanza: "Kama anajua alichokata, basi."

Rebeka alikubali kurudi. Lakini msidhani kila kitu kilikwisha hapo. Alifika nyumbani, akakitazama chumba, akaupapasa udongo mpya kwa mguu, akaenda kulala jikoni na mtoto. Sikuthubutu kumwuliza. Nilichonga milango, nilileta kuni, nilisali. Siku nane! Wakati mwingine niliisikia ile ndoto yangu ya zamani ikiniita, ukungu, mikono juu, barabara inakwenda, nami niliogopa kwamba nimepoteza vyote viwili.

Baadaye fundi mmoja wa Makambako aliifungua ile injini, akacheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba zile si mbavu. Zimewekwa pale ili upepo upite kati yake injini ipoe, nami niliiziba pumzi. Sasa inakwenda. Inalala nje, chini ya mabati, na asubuhi isipowaka naenda kwa miguu.

Lakini nilikuwa kwenye siku ya nane. Ilikuwa Jumapili, tumetoka ibadani, mvua imeanza kudondoka. Nimesimama mlangoni pa nyumba, nimejaza mlango wote, nawaza. Rebeka akatoka jikoni. Tumaini yuko mgongoni, mkeka uko kichwani. Akavuka uwanja, akaja mpaka mbele yangu.

"Sogea," akasema. "Tunanyeshewa."

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Hilo ndilo neno lililoniokoa, nami nililisikia kwa masikio ya mwili. Nilisogea!

Namshukuru Mungu aliyeniangusha mtaroni wala hakuniua. Nawashukuru wale wanawake watano. Mwalimu Ezekia, na wewe karani, zipakeni rangi pikipiki zenu, mzipinde usukani mpendavyo, sikatazi, na mkitaka kiti nitawachongea. Lakini kabla hujaiwasha asubuhi, muulize wa nyumbani mwako ameamkaje, ukae mpaka akujibu. Na kama yupo mtu hapa ambaye nyumbani kwake kuna aliyehamia jikoni, asiseme nimechelewa. Mwamini Bwana, chukua wazee wako, nenda kwa miguu. Atakupokea, naye atakufundisha kungoja.

Rebeka, hebu simama watu wakuone. Simama, mama Tumaini.

Anatikisa kichwa. Hataki. Basi, mama, kaa. Kaa hapo hapo ulipo.