Mwalimu Wachuka na Vitabu vya Nyuma ya Kioo

Wachungaji, wazee, majirani wa hapa Mau Narok, nyinyi mliotoka Karagita alfajiri mkapanda huu mlima na baridi yake, na wageni wote kwa heshima zenu, familia imenituma mimi, Jamleck, mpwa wa marehemu, niwasomee maisha ya Mwalimu Teresia Wachuka Kamande. Kabla sijaanza, familia inataka ijulikane kwamba kulikuwa na karatasi nyingine, imechapwa vizuri, imetumwa kwa simu juzi kutoka shule aliyofundisha, na ndani yake imeandikwa kwamba marehemu "aliacha kazi kwa hiari yake ili apate muda na familia," na kamati ya mazishi, kwa kupenda amani, ikasema, Jamleck, si usome tu hiyo, msiba si mahali pa vita. Hiyo karatasi haitasomwa. Huyu mama alifundisha watoto miaka ishirini na minne kwamba maneno yaliyoandikwa lazima yafanane na kitu kilichoko, halafu leo tumlaze na uongo juu ya kifua chake? Zii.

Marehemu alizaliwa tarehe 6 Juni 1971 hapa hapa Mau Narok, mtoto wa nne wa marehemu mzee Mwaniki na marehemu mama Njoki, wakati baba alikuwa akichunga ng'ombe kwenye shamba la ngano ambalo lilikuwa la mzungu likaja likawa la mkubwa fulani, na mabadiliko hayo hayakuwahi kufika kwenye nyumba za wafanyakazi. Nyumbani hakukuwa na kitabu hata kimoja, kulikuwa na gunia la chumvi ya ng'ombe, limechorwa ng'ombe mwekundu na neno moja chini yake, na mama Njoki, ambaye hakujua kusoma lakini hakuwahi kuchanganya gunia la chumvi na la mbolea, alikuwa akimwambia, angalia picha kwanza, itakuambia hayo maandishi yanasema nini. Hivyo ndivyo Wachuka alivyosoma neno lake la kwanza, akiwa na miaka minne, ameketi juu ya chumvi.

Alianza shule ya msingi hapa Mau Narok mwezi wa Januari 1978, akawa katika kundi la kwanza kabisa kufanya mtihani wa KCPE mwaka wa 1985, akaenda sekondari Njoro na kumaliza 1989, kisha akasomea ualimu wa watoto wadogo mjini Nakuru kati ya 1992 na 1993, akapata cheti chake, ambacho kiko hapa mbele, mnaweza kukiona, hakikuokotwa.

Tarehe 10 Desemba 1994 alifunga ndoa na Bwana Peterson Kamande, dereva wa lori la viazi, kwenye kanisa hilo tunaloliona kutoka hapa, na wakajaliwa mabinti wawili, Natalie aliyezaliwa 1996 na Njoki aliyezaliwa 1999. Wale wanaomjua Peterson wanajua haongei sana, lakini mtaona mbele ya safari kwamba sentensi moja ya huyu mzee ilifanya kazi kuliko mikutano yote ya elimu iliyowahi kufanywa Karagita.

Marehemu alianza kufundisha Januari 1995 katika nursery ya hapa, na mwezi wa Mei 2004 familia ikahamia Karagita, kule Naivasha, wakakodi chumba kimoja kati ya vyumba kumi na viwili vya ploti, bomba moja, choo mbili, na majirani wote wanaamkia kampuni za maua. Akaajiriwa na bodi ya shule, si na serikali, na mliosoma education kama mimi Jamleck, mkamaliza 2019 na digrii ya second upper na mpaka leo mnaambiwa tutakupigia, mnajua maana yake, kwamba siku wakikuchoka hakuna mtu wa kuuliza.

Sasa hapa ndipo karatasi ya shule iliporuka, kwa hivyo tutaenda polepole.

Mwezi wa Februari 2016, mzee Dharmesh, mfanyabiashara wa Nakuru mwenye duka la vitabu, ambaye yuko nasi leo na tunamshukuru, alileta shuleni vitabu vya picha mia mbili na arobaini, vya watoto wadogo, rangi nzuri, maneno machache, watu weusi wakichota maji na kupika na kuchuma maua, yaani mtoto wa Karagita akifungua anajiona. Mwalimu mkuu akapiga hotuba, watoto wakaimba, picha zikapigwa, na vitabu vikaingia kwenye kabati ya kioo ndani ya staffroom, kufuli ikabanwa, ufunguo ukaingia mfukoni mwa koti la mwalimu mkuu. Marehemu alipouliza watoto watavisoma lini, alijibiwa, mwalimu, unajua hii mikono ya hawa watoto, vitachafuka. Hilo ndilo kosa ambalo sisi watu wa hapa tumelifanya mpaka likawa dini, sahani nzuri ni ya wageni, kiti kizuri kimefunikwa, na kitabu kizuri ni cha kuonyesha inspector.

Novemba mwaka huo mzee Dharmesh alirudi, akaingia darasani, akawauliza watoto kwa upole, je, kitabu gani mnapenda? Mmoja akasema ile nyekundu, mwingine akasema ile ya juu karibu na kona, wa tatu akasema ile iko na mbwa nje, na hakuna hata mmoja aliyejua ndani kuna nini, walikuwa wamevisoma kupitia kioo kama watu wanaoangalia nyama kwa butchery. Mzee alicheka, akafikiri ni mzaha. Wachuka hakucheka. Alirudi nyumbani akamwambia mume wake kwamba ameaibika mbele ya mgeni, na Peterson, akiendelea kula, akasema, kufuli imefunga mlango, haijafunga bawaba.

Kuanzia Januari 2017, kila Ijumaa saa kumi, wakati mwalimu mkuu ameshaondoka na pikipiki yake, Mwalimu Wachuka alifungua skrubu nne za bawaba kwa bisibisi ya mume wake, akatoa vitabu thelathini kutoka safu ya nyuma, akawapa watoto waende navyo nyumbani, akaacha safu ya mbele imesimama wima kama askari, na kila Jumatatu asubuhi akavirudisha. Miaka miwili na nusu! Kufuli haikuguswa. Walimu wenzake waliona, wakageuza shingo, na kwa hilo familia inawashukuru, ingawa mngeongea siku ile ya mwisho tungewashukuru zaidi.

Na hakuwa anagawa vitabu kama peremende, alikuwa na njia yake. Katika darasa la pili kulikuwa na msichana anaitwa Chepkemboi, alikuwa anasoma "Mama anachuma maua" bila kukwama, kama maji, na siku moja marehemu akamuuliza, na kwenu nani anachuma maua? Mtoto akasema, hakuna mtu, mwalimu. Na mama yako? Mama huenda kampuni. Mama yake, Jepchumba, alikuwa na miaka sita akichuma maua greenhouse. Marehemu hakumsahihisha, alichukua kile kitabu, akachukua darasa lote watoto arobaini na watatu, akawapeleka kwa miguu mpaka kwenye geti la kampuni saa ya kutoka kazini, akafungua ule ukurasa wenye mwanamke wa gumboots na aproni, akawaambia, haya, mtafuteni. Geti likafunguliwa, wanawake mia wakatoka na gumboots na aproni, na Chepkemboi akaangalia kitabu, akaangalia geti, akapiga kelele ambayo askari wa geti bado anaisimulia, "Mwalimu! Huyu wa kitabu ni mamangu!" Jioni hiyo mama na mtoto walikaa kitandani na kile kitabu, Jepchumba, ambaye shule aliishia darasa la tatu, akafuata maneno kwa kidole gumba, na kidole cha mtu aliyeshinda akitoa majani kwenye waridi kina utomvu, kikaacha alama ya kijani, pale pale chini ya neno "mama."

Hiyo alama ndiyo iliyomfukuzisha kazi.

Julai 2019 wakaja maofisa wa elimu, mwalimu mkuu akafungua kabati kwa mbwembwe, kwa mara ya kwanza tangu 2016, na ofisa mmoja, badala ya kusifu safu ya mbele, akaingiza mkono nyuma. Kikatoka kitabu kimelegea uti, kina harufu ya moshi wa jiko, kina chembe ya ugali na kidole cha kijani. Kwa mtu yeyote aliyewahi kupenda kusoma, hicho ndicho kitabu kimoja shuleni kilichofanya kazi yake. Tarehe 12 Julai 2019, Ijumaa, wazazi wakaitwa, na barua ikasomwa mbele yao, wizi na uharibifu wa mali ya shule, gross misconduct, effective immediately, na kwa Kiswahili, ili kila mtu aelewe, akaitwa mwizi. Jepchumba alisimama akasema, hicho kidole ni changu, basi nifukuzeni mimi. Akaambiwa, mathe, kaa chini, hapa si kampuni. Na huyo aliyesema hivyo hatutamtaja jina, ameketi safu ya pili, koti ya kijivu, karibu sana, mwalimu, usijali, umelindwa na msiba.

Kitabu chenye alama kilitupwa kwenye shimo la takataka kwa sababu kimeharibika. Marehemu alipokuwa akitoka na sanduku lake la chaki alipita pale, akainama, akakiokota. Vile vingine mia mbili thelathini na tisa vilirudishwa, fundi akaitwa akachomelea grili ya chuma mbele na pembeni juu ya bawaba, na viko hapo mpaka leo, safi kabisa.

Tangu siku hiyo hakuajiriwa tena popote, kwa sababu kila shule ilipiga simu pale kwanza. Alifundishia mlangoni kwake kila Jumamosi, watoto wakichora wenyewe kwenye maboksi ya maua, bomba la ploti, boda boda ya baba, kiboko aliyekula sukuma wiki za jirani, kisha wanaandika chini yake neno, na kushona kwa uzi wa gunia. Watoto wa mlangoni walisoma. Lakini majirani wapya waliokuja Karagita waliambiwa, chunga vitu vyako, huyo mwalimu alifukuzwa kwa wizi, na aliisikia, na ilimla.

Machi 2023 alianza kuvimba miguu, akapimwa Nakuru, ikapatikana ni figo, na kuanzia Juni alikuwa akienda dialysis mara mbili kwa wiki, amebeba vitabu vya maboksi akiwasomea watoto wa wagonjwa kwenye benchi. Wiki ya mwisho hakuuliza habari za dawa wala shamba, alimuuliza Natalie kitu kimoja tu, je, wameshafungua? Alilala Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka hamsini na tatu.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa dialysis waliomwita mwalimu mpaka mwisho, majirani wa ploti waliochota maji yake kwa zamu, kina mama wa kampuni waliobadilishana shift ili wafike hapa, mzee Dharmesh, na walimu wenzake, hata wale walionyamaza, maana tunajua mna watoto.

Wengine wameomba kile kitabu kiwekwe kwenye jeneza pamoja naye, kama ukumbusho. Peterson amekataa, na ni mara ya pili kuongea kwenye historia hii, amesema, kitabu hakizikwi. Vimezikwa vya kutosha, mia mbili thelathini na tisa, kwenye kaburi la kioo lenye grili. Kwa hivyo Chepkemboi, ambaye sasa yuko Form Two, atasimama hapa kando ya kaburi na asome ule ukurasa wa kidole, ili marehemu ateremke akisikia kitu cha kweli, kisha kitabu kitarudi Karagita na watoto wa mlangoni, kichafuke zaidi.

Na kwako wa safu ya pili, familia haikuombi pole. Ile barua uliisoma mbele ya wazazi, ifute mbele ya wazazi, na ufunguo ukiwa mkononi, si mfukoni.

Mwalimu Wachuka, Tata, shangazi yangu, umefanya kazi yako, pumzika kwa amani, lakini sisi bado, tutapumzika siku kabati itafunguliwa.