Papa Stanislas Mwepu na Shingo ya Pembe Kubwa

Ijumaa tarehe 27 Machi 1998, saa sita mchana, Papa Stanislas Mwepu atavua eproni yake ya ngozi na kustaafu, baada ya miaka thelathini na sita na miezi sita ya kazi katika karakana ya mapadri, Atelier Saint-Éloi, hapa Likasi. Aliingia Septemba 1961 akiwa na vidole kumi, na anatoka navyo vyote kumi. Kwa mtu aliyekata bati maisha yake yote, hilo peke yake linatosha kupigiwa makofi.

Nasi tunaobaki tunashusha pumzi. Tunampenda mno, lakini tumechoka kutumwa. Kila pembe ya kipaza sauti aliyoitengeneza ilibidi mtu atoke nje, atembee kilomita moja au mbili na penseli mkononi, asimame juani na kusikiliza. Kwa hesabu yangu, mimi nimeenda bwawani Koni na kurudi kwa miguu mara kadhaa, wala sijawahi kufika Koni.

Alianza kama fundi wa mifereji ya paa na funeli za mafuta ya taa. Mwaka 1967 karakana iliombwa pembe za vipaza sauti kwa uwanja wa kiwanda kimoja, ambako kelele za mashine zilikuwa zinameza kila tangazo. Mafundi wakubwa wa siku hizo walichukua funeli, wakafunga mwishoni moteri, yaani kile kidude kizito cha sumaku kinachotoa sauti kwenye tundu dogo lenye upana wa kidole gumba, wakaridhika. Yeye hakuridhika. Alisema funeli ile inaongea kama mtu mwenye mafua.

Akatafuta kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, akakaa nacho mwaka mzima. Humo alijifunza jambo ambalo ametuimbia tangu hapo: pembe haifunguki ovyo. Katika ile kubwa tunayoitengeneza, kila ukisogea sentimita kumi na mbili na nusu, nafasi ya ndani inazidi mara mbili, hatua kwa hatua, mpaka tundu la kidole gumba linakuwa mdomo ambao mbuzi anaweza kulala ndani yake. Pembe ikiwa ndogo, sauti nene ya mwanaume haitoki, inabaki kukwaruza tu. Ikiwa kubwa na sahihi, umeme kidogo sana unafika mbali.

Mdomo unapimwa kwa rula bila shida. Shingo ndiyo taabu, maana inaanza nyembamba na rula haikai sawa ndani yake. Basi Papa Stani akabuni njia yake ya mahindi. Anasimamisha shingo, anaziba tundu, anachora alama kwa kila hatua, kisha anamimina mahindi makavu yaliyopimwa. Kila hatua inapaswa kumeza mahindi mara mbili ya hatua iliyotangulia. Mahindi yakizidi alama, bati linagongwa kutoka ndani lipanuke. Yasipofika, linagongwa kutoka nje libane. Wageni walidhani tunaandaa chakula.

Halafu zikaja hizi siku zetu. Viwanda vikapunguza watu, maduka yakaporwa, umeme ukawa mgeni anayekuja anapotaka. Ampli kubwa za karakana, zile mashine za kukuza sauti, ziliungua moja baada ya nyingine, ikabaki moja ndogo ya kutumia bateri ya gari. Meza nyingi zilifungwa. Meza ya Papa Stani haikufungwa, kwa sababu mwenye umeme kidogo ndiye hasa anayehitaji pembe kubwa.

Hapa naomba wasomaji wa jarida letu wanivumilie. Nitaandika jambo ambalo watu wawili tu wanalijua, na mmoja wao ndiye anayestaafu.

Mwaka 1994 kipindupindu kiliingia mtaa wetu wa Kikula. Sista Danielle, muuguzi wa dispensari, alikuwa na maji yenye dawa, lakini gari lililoyaleta lilisimama mahali tofauti kila siku, na mahali penyewe palijulikana asubuhi hiyohiyo tu. Waliokuwa karibu na kanisa walipata habari. Wa nyumba za mwisho, huku chini upande wa kijito, hawakupata, wakaendelea kuchota kijitoni. Sista akaja kuomba pembe moja ya kuwekwa juu ya mnara wa kanisa, itakayosikika mpaka nyumba ile ya mwisho kabisa. Papa Stani alipewa siku nne.

Mimi ninakaa huko chini. Mke wangu Laure alikuwa na Mamie, mtoto wetu wa miezi minane. Makaa yaliyobaki yalitosha uji wa mtoto tu, hatukuweza kuchemsha maji ya kunywa. Majirani wawili walikuwa wamezikwa wiki ile.

Jumanne jioni Papa Stani alipima mahindi ya hatua ya sita, ile ya mwisho ya shingo, akayaacha kwenye beseni jeupe ili kuyamimina kesho yake. Kwetu ilikuwa siku ya pili bila bukari, yaani ugali. Nilibaki nyuma nikifagia, na nilipomaliza kufagia nilichukua konzi tatu, nikazitia mfukoni. Nilijua ni mahindi ya kipimo. Nilijiambia kwamba bati halisikii njaa.

Jumatano akamimina. Mahindi hayakufika alama. Kwa kuwa alikuwa ameyapima mwenyewe, hakuyashuku, akalishuku bati. Akachukua nyundo, akaligonga libane mpaka mahindi yakapanda. Aliyekuwa amelishika hilo bati ni mimi, na nilinyamaza. Aibu ile bado ninayo.

Alhamisi tukaipandisha pembe mnarani, na mimi nikatumwa kusikiliza. Anayetumwa haambiwi mapema kitakachosomwa, hiyo ni sheria yake tangu zamani. Siku hiyo aliniambia kama anavyomwambia kila mtu: “Weye Benoît, wende mpaka kule mwisho. Usirudie hapa na kuniambia eti iko bien. Uniandikie maneno yenye umesikia.”

Sokoni nilisikia kila neno. Baada ya soko maneno yakaanza kuvimba. Nilipofika mlangoni kwangu ilikuwa sauti tu, ya mtu anayeongea na chakula kimejaa mdomoni. Laure alitoka na ndoo, Mamie mgongoni, akasimama kando yangu. “Banasema nini?” akaniuliza. Nikamwangalia akishika njia ya kijito na ndoo yake, nikamzuia kwa siku ile moja. Kesho yake nisingekuwepo.

Nilirudi na karatasi tupu. Papa Stani aliiangalia mbele na nyuma, akakaa juu ya kreti. Sijawahi kumwona vile. Akasema masikio yake yamezeeka, hesabu imemponyoka, na kwamba atakwenda kwa Sista jioni hiyo kumwambia atafute fundi mwingine. “Kosa ni ya minye,” akasema, na akaanza kufungua eproni.

Hapo nikashindwa. Nilimwambia palepale chini ya mnara: “Papa, mahindi ilipunguka. Ni minye nilikamata.”

Nilingoja kofi, au kufukuzwa, na vyote viwili nilistahili. Akauliza neno moja tu: “Mutoto alikula?”

Nikasema alikula.

“Basi lete nyundo.”

Tuliishusha pembe na kuikata shingo Alhamisi hiyohiyo. Ijumaa alikuja na mahindi kutoka nyumbani kwake, kwenye akiba ya Mama Émérence, mke wake, ambaye hakuambiwa sababu. Akapima upya, akamimina, tukaligonga bati kutoka ndani mpaka likarudi pale lilipotakiwa kuwa. Kufikia saa kumi pembe ilikuwa mnarani tena. Hakunituma kusikiliza. Alisema kesho nisije kazini mapema, nisikilizie kwangu.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango, Laure ameshaishika ndoo. Sauti ya Sista Danielle ikaja juu ya mabati ya Kikula, nyembamba kwa umbali lakini safi, neno kwa neno: “Bamama, leo mayi ya muzuri iko nyuma ya masomo. Mukuye na bidon yenu. Ya kijito musikunywe.” Laure akageuka, akashika njia ya kupanda kwenda shuleni, na wanawake wa nyumba tano wakamfuata. Nikabaki pale ngazini nikilia na kucheka, na jirani mmoja akadhani tumepata msiba.

Pembe ile ilisema kila asubuhi kwa wiki saba. Katika nyumba zetu za mwisho hakuzikwa mtu mwingine wa ugonjwa ule.

Papa Stani hakumwambia mtu hata siku moja. Ila tangu pembe iliyofuata, kila kipimo kikimalizika, mahindi yanafungwa kwenye mfuko na kupewa aliyeshika bati. Wengi mmekula mahindi hayo na kudhani ni desturi ya mapadri. Sasa mnajua ilikotoka.

Anatuachia pembe kubwa kumi na moja zinazofanya kazi, kutoka Kikula hadi Kamatanda. Anatuachia pia Dominique, ambaye amejifunza kazi yote na atashika meza yake kuanzia Jumatatu. Dominique naye ameshaanza kututuma nje, kwa hiyo furaha yetu imekuwa fupi. Mzee mwenyewe anahamia upande wa Koni, kuvua na kulima maharage. Anasema: “Ku retrete, minye nataka nisikilize samaki tu.”

Papa Stani, wenzako wote wa Saint-Éloi wanakushukuru. Tunakuombea siku nyingi, afya, nyavu zenye uzito, na Mama Émérence kando yako. Ulifanya kazi yako ikakamilika, sasa kaa chini bila wasiwasi.

Nami nina langu la kuongeza. Mamie ana miaka minne na nusu. Anaongea tangu anapofungua macho mpaka usingizi umkamate, na majirani wanamlalamikia kila siku. Mimi namwacha aseme. Asante, papa.

Benoît Kalenga, meza ya bati