Mama Colombe Namwezi, Aliyeita Majina

Mwezi wa nne mwaka 2006, jengo letu la Fisksätra, hapa Stockholm, lilikuwa na habari moja tu: Mama Colombe anaiba mashuka. Habari hiyo ilianzishwa na jirani yetu Mama Emérithe, ambaye ameketi hapa mbele na ametupa ruhusa tuiseme. Aliona mashuka tisa yameanikwa katika chumba cha kufulia cha jengo letu, naye alijua Mama Colombe anasafisha wodi hospitalini kule Flemingsberg. Basi, kwake kesi ilikuwa imekwisha. Alipoingia kuhakikisha, akakuta kila shuka lina sura ya mwanamke iliyochorwa kwa rangi, na Mama Colombe amepiga magoti sakafuni.

"Mama, hawa wote ni nani?"

"Wenzangu wa Uvira."

"Mbona wote wamefanana na mimi?"

"Kwa sababu sijui kuchora. Chukua brashi, unisaidie."

Mama Emérithe akachukua brashi, na hajairudisha mpaka leo. Mashuka yalitoka Farsta, kwenye duka la vitu vilivyokwisha kutumika.

Mama Colombe Namwezi alizaliwa tarehe 3 Septemba 1949 huko Kiliba, karibu na Uvira, Kongo. Alikuwa mtoto wa nne wa baba aliyefanya kazi katika mashamba ya miwa. Alisoma shule ya msingi kwa masista wa Uvira, kisha akaenda Bukavu kusomea ualimu, akamaliza mwaka 1968. Alifundisha darasa la kwanza miaka ishirini na minane. Ualimu haukumtoka: siku moja nilikuta hata karatasi yangu ya vitu vya kununua, niliyoibandika jikoni, imesahihishwa kwa kalamu nyekundu.

Tarehe 17 Julai 1971 alifunga ndoa na Fidèle Kitoga, fundi seremala. Mungu akawapa watoto wawili, Urbain, ambaye ni mume wangu mimi Asifiwe ninayewasomea, na Olive. Baba Fidèle alifariki kwa malaria mwaka 1979. Siku ya nane baada ya mazishi, ndugu zake walikuja kung'oa mlango aliokuwa ameutengeneza kwa mikono yake mwenyewe, wakasema mjane hana nyumba. Mama alifunga kitenge mahali pa mlango, na asubuhi akaenda kufundisha kama kawaida.

Hapo ndipo kazi yake nyingine ilipoanza. Aliwatafuta wajane wenzake, nyumba kwa nyumba, miaka minne. Tarehe 14 Juni 1983, yeye na wengine kumi na nane walitembea kutoka sokoni mpaka ofisi ya serikali, kila mmoja akilitaja jina lake kwa sauti kubwa, maana katika vitabu vya ofisi waliandikwa tu "mke wa marehemu fulani". Mama alifungwa siku tisa. Lakini mwaka ule haujaisha, wajane kumi na mmoja walikuwa wamerudi katika nyumba zao, na yeye alirudishiwa mlango wake!

Vita vya 1996 vilimtoa Uvira, akavuka ziwa mpaka Kigoma, akaishi kambini. Alifika Stockholm na watoto wake tarehe 11 Machi 2002.

Na hapa, ndugu zangu, ndipo tulipofaidi sisi. Kuanzia 2006, kila tarehe 14 Juni tulitembea kutoka kituo cha treni cha Fisksätra mpaka uwanja wa maduka, mashuka yakipepea, ngoma mbele, maandazi nyuma. Mama alitangulia mikono mitupu, akiwaita wale wenzake wa Uvira jina kwa jina: "Nakalali!" Nasi tunaitikia: "Yupo!" Awe hai, awe ametangulia, jibu ni moja. Watoto wetu wanaotujibu Kiswidi nyumbani, majina hayo wanayo yote kumi na manane kichwani. Waswidi walioshuka kwenye treni walikuwa wanauliza kuna nini, na kabla hawajajibiwa wameshashika pembe ya shuka. Mwaka 2009 maktaba ilituomba mashuka iyatundike mwezi mzima. Ila la kwake hakukubali lichorwe, wala jina lake halikuitwa. "Anayeita hajiiti," alisema.

Novemba 2011 sauti yake ilianza kukwaruza. Januari madaktari waliona saratani ya koo, Februari akapasuliwa, na sauti ikabaki mnong'ono. Maumivu aliyavumilia. Kilichomkosesha raha ni majina: nani atayaita? Mwezi wa nne alitukusanya jikoni akatuuliza.

"Mimi yangu ni sauti ya ugomvi," akasema Mama Emérithe. "Nikiwaita hao marehemu, watakimbia."

Mama alicheka mpaka akashika koo. Urbain akasema tutafute kipaza sauti. Mama akamjibu kwa mnong'ono, "Kipaza sauti kinapaza, mwanangu. Hakiiti." Siku ile hakuna aliyekubali.

Mama alifariki asubuhi ya Jumatano, tarehe 30 Mei 2012, Olive akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka sitini na miwili. Kanisa lilitupa siku mbili tuchague ya mazishi, na moja ilikuwa 14 Juni. Tulichagua kabla mchungaji hajamaliza kusema. Mashuka mmeyaona nje, kwenye ua. La kumi na tisa Mama Emérithe amelimaliza jana, na safari hii hakujichora yeye.

Ameacha watoto wake Urbain na Olive, mkwe mmoja, wajukuu Shalom na Emery, dada yake Perpétue aliyeko Uvira, na wanne wa wale waliotembea naye. Mungu ampe pumziko, maana alitembea sana.

Jumapili ya mwisho nilikwenda hospitalini na Shalom. Mama akaniashiria niiname.

"Mama Shalom, utaita wewe."

"Mama, mimi niliishia darasa la sita, na sauti yangu haitoki hata nje ya jikoni."

"Sikuulizi darasa," akaninong'oneza. "Yaite yote kumi na tisa. Na ukifika kwa langu, usiliseme kwa sauti ya msibani. Liite kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya barabara."