Mkaguzi Wetu na Boti ya Mdogo Wake

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkaguzi mkuu wa karakana yetu ya boti anastaafu. Wageni humwita kwa cheo chake. Sisi tunaoshinda naye kwenye vumbi tunamwita Siafu, tena mbele ya macho yake, naye anaitika. Ni mama mfupi, mwembamba, ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameketi mpaka chai ikaisha. Hunywa akitembea. Kikombe chake kimewahi kuokotwa juu ya ngazi, ndani ya injini iliyofunguliwa na, siku moja, kwenye mfuko wa koti la meneja.

Alianza kazi kwa kupiga msasa. Enzi hizo mafundi walimwachia sehemu za chini ya boti, kule ambako mtu hulala chali huku vumbi la faiba likimwingia shingoni na kumwasha mpaka kesho yake. Huko ndiko alikojifunzia kazi. Akapanda kuwa fundi wa kuziba nyufa, akawa mkaguzi, kisha mkaguzi mkuu, na kila alipopandishwa cheo alirudi kulala chali palepale.

Ukaguzi wake hauna miujiza. Boti ikishakarabatiwa, kabla ya kupakwa rangi ya mwisho, huongezewa mihimili ya kuishikilia, hukaushwa nje na kupakwa unga wa chaki, kisha hujazwa maji ndani kwa mpira, kidogo kidogo. Panapovuja, chaki hulowa na kufanya doa. Mwingine angefungulia maji, akaenda kula, akarudi kutazama. Siafu huzunguka. Huinama, hugusa, huguna, huzunguka tena. Mimi ni fundi rangi, na kazi yangu huanza pale yake inapoisha, kwa hiyo nusu ya maisha yangu hapa nimeyamaliza nikiwa nimesimama na brashi mkononi, nikimsubiri.

Kuna mwaka aligoma kuipitisha boti iliyokuwa ivushe maharusi. Bwana harusi alikuja na suti yake, akapiga kelele, akabembeleza, akaishia kukodi chombo kingine. Ile yake akaichukua kwa hasira, akaifunga gatini. Kulipokucha ilikuwa imezama ikiwa bado imefungwa kamba. Bi harusi alituletea keki, akatuomba tusimwambie mumewe nani kaila.

Lakini wasifu huu usingekamilika bila boti yake ya mwisho, na boti hiyo ilikuwa ya mdogo wake wa kiume.

Huyo mdogo wake alikuwa akivusha watu na mizigo kwenda ng'ambo ya pili. Kila Siafu alipomsihi ailete boti ikaguliwe, alijibu, "Wiki ijayo, dada. Abiria wananisubiri." Siku moja aliondoka peke yake, maji yakiwa shwari. Boti ikakutwa imelala ubavu kwenye miamba, na mwili wake ukapatikana kesho yake. Daktari alisema huenda moyo ulisimama. Watu wa gatini walisema boti iliingiza maji. Tezini, kule nyuma ya boti, kulikuwa na ufa kweli, ila hakuna aliyeweza kusema kama ufa ule ulitangulia miamba au uliletwa na miamba.

Mjane wake hakuiuza boti. Aliileta kwetu juu ya trela, akasema ataiendesha mwenyewe, kwa sababu zahanati iko ng'ambo na wagonjwa hawana chombo kingine. Tulimshauri Siafu amwachie ukaguzi mtu mwingine. Akatuuliza, "Mwingine nani?"

Ufa ulizibwa, tabaka juu ya tabaka. Ukaguzi wa kwanza ukaonyesha doa karibu na tundu la kutolea maji, na Siafu karibu aruke kwa furaha, kama mtu aliyemfumania mwizi. Likazibwa. Ukaguzi wa pili, chaki ikabaki kavu. Nikaanza kutayarisha rangi. "Subiri," akaniambia. Wa tatu, kavu. Akaamuru maji yamwagwe, boti ikaushwe, tuanze upya. Wa nne, kavu tena.

Kufikia hapo wasiwasi wake ulikuwa umetuambukiza sote. Seremala alikuwa akipima upya mbao alizokwisha kuzikata. Msimamizi alitoka nje kila mara kutazama mawingu, maana mvua zilikuwa zimekaribia na rangi ya mwisho haipatani na unyevu. Kule gatini watu walikuwa wakimuuliza mjane ni lini, ni lini. Na siku ya kustaafu ilikuwa ikija, haimsubiri mtu. Siafu alikuwa amekonda. Mumewe alituambia kwamba hata nyumbani hakai. Anafungua bomba, anafunga, anasimama kulisikiliza.

Alipotaka tujaze maji kwa mara ya tano, msimamizi hakubishana naye. Alimpigia simu wifi yake Siafu, yule mjane.

Mjane alikuja na nguo zake nzuri, akamkuta Siafu amelala chini ya tezi, kiganja kimegandamana na boti.

"Wifi, toka huko tuongee."

"Hebu ngoja. Hapa pana kitu."

"Pana nini?"

"Ningejua ningekuwa nimelala hapa?"

Mjane akavua viatu, akajiingiza chini ya boti na nguo zake zile zile, akalala kando yake. Macho niliyageuza pembeni. Masikio ningeyapeleka wapi?

"Boti haivuji, wifi," akasema. "Anayevuja ni wewe."

Wawili hawa wamezoea kutaniana, na nilidhani Siafu angemrudishia kali zaidi. Alicheka. Kisha kicheko kikakatika, kikawa kilio, kile cha mtu aliyekibana muda mrefu.

"Ningemlazimisha," akasema. "Ningekwenda kuivuta mwenyewe na trela."

"Nani aliwahi kumlazimisha mdogo wako jambo? Mimi niliyelala naye kitanda kimoja nilishindwa hata kumfanya avue viatu mlangoni."

"Kwa hiyo hatutajua kamwe."

"Hatutajua. Ya siku ile hatutajua. Lakini hii iliyo juu yetu tunaijua. Umeijaza maji, umeimwaga, umeijaza. Mwache huyu baba apake rangi yake, masikini, mkono umekufa ganzi."

Walikaa huko chini kitambo, wakiongea kwa sauti ambayo sasa kweli sikuisikia. Siafu akatoka, mgongo mzima mweupe kwa chaki. Akanitazama.

"Paka," akasema, akaenda kunawa uso.

Nilipaka kabla hajabadili mawazo. Mvua ya kwanza ilishuka rangi ikiwa imekwisha kauka.

Jumamosi iliyopita boti iliingia majini. Mjane alishika usukani. Abiria wa kwanza alikuwa mama mwenye mtoto mchanga anayepelekwa chanjo. Na Siafu akapanda bila kuombwa. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Yeye aliufuata msemo huo neno kwa neno. Alikwenda tezi, akaenda omo kule mbele, kisha akapiga magoti ngamani, mahali maji hukusanyika chombo kinapovuja, akapapasa sakafu yote. Akasimama, akainua kiganja na kukielekeza kwetu sisi tuliobaki gatini. Kilikuwa kikavu. Hakukishusha mpaka tukashindwa kumwona.

Dada yetu, asante. Kuna watu wengi waliofika makwao jioni kwa sababu yako, na wengi wao hawakujui, maana boti isiyozama haina habari. Sisi tunajua. Nenda salama, pumzika kadiri utakavyoweza, na Mungu akujalie afya njema wewe, mzee wako, wifi yako na wale watoto wanaokuita shangazi.