Matanga ya Jua

Kijiwe cha Makongeni kilikuwa taruma moja kuukuu, gogo la chini ya reli, limelazwa juu ya mawe mawili, na wenyewe walikiita Bunge. Jumamosi hiyo ya mwaka 1978 alifika Owino, mzee wa reli anayepungia treni bendera, na jina lake kijiweni ni hilohilo, Bendera. Mkononi ana barua ya bintiye Norah, anayesoma hesabu ng'ambo, mwaka wa tatu huu hajakanyaga nyumbani. Wehliye, muuza kahawa, akammiminia kikombe. Bendera hakuigusa.

— Mtoto anasemaje? akauliza Munyoki Patasi, mchonga vinyago.

— Ati kazi yake siku hizi ni kupanga safari za matanga ya jua.

Patasi akavua kofia.

— Pole, mzee. Limefariki lini?

— Hata mimi ndio nasikia. Nimesomesha mtoto mpaka ng'ambo, bana, akapange matanga?

— Watu wamepima wakaona jua halina siku nyingi, akasema Zedekiah Miwani, karani wa kaunsili. Ndiyo maana kahawa inapoa haraka.

— Na litazikwa wapi? akauliza Patasi.

— Kwao. Si kila jioni linarudi upande wa Kisumu? Bendera, huyo ni mtu wenu.

— Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Patasi akamfariji. Tuko na mwezi.

Wehliye alicheka mpaka birika likatikisika mkononi.

— Tanga ni kitambaa cha chombo cha baharini, nyinyi. Kwetu Kismayu hata mtoto anajua. Hebu soma mbele.

Bendera akasoma polepole. Norah alikuwa ameeleza vizuri: kitambaa chembamba kuliko karatasi ya sigara, kipana kuliko uwanja wa mpira, na mwanga wa jua unakisukuma kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, bila tone la mafuta. Ukikiinamisha hivi, chombo cha angani kinazunguka jua kikizidi kwenda mbali, mpaka sayari za nje. Ukikiinamisha vile, mwanga uleule unakipunguzia mwendo, kinarudi ndani, upande wa nyumbani. Yeye ndiye anayechora hiyo njia.

Moyo wa Bendera ukatua. Akachukua kikombe, akanywa kahawa yote ikiwa baridi, na hajawahi kunywa tamu kama ile.

— Kumbe na yeye anaongoza safari kwa kitambaa, akasema. Damu ya reli hiyo.

— Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni kwa ngamia.

— Ni ngamani, Patasi, Miwani akamsahihisha. Ngamia muachie Wehliye.

Ndanu, mke wa Patasi, alikuwa amekuja kumwita mumewe. Aliyasikia yote amesimama, kikapu kwapani.

— Na Norah mwenyewe, baba, tanga lake ameliinamisha upande gani?

Wehliye akatikisa birika, lilikuwa tupu. Bendera akaikunjua barua, akaanza upya pale juu, Mpendwa Baba, akitafuta neno la kurudi nyumbani, na safari hii hakuruka neno.