Blaise Lusuna, Muuguzi Aliyerudisha Ufunguo

Blaise Lusuna alizaliwa Wamaza tarehe 14 Machi 1983, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Kalonda na mama Julienne. Akiwa na miaka saba aliufunga mguu wa kuku uliovunjika kwa vijiti na kamba ya mgomba. Kuku akatembea. Baba akakataza asichinjwe, na kuku yule akafa kwa uzee.

Baada ya shule ya msingi na ya sekondari alikwenda Kasongo kusomea uuguzi. Mwaka 2004 alirudi kwa baiskeli, siku mbili njiani, diploma ameifunika ndani ya sufuria isilowe mvua.

Toka 2005 alihudumu Kabambare, na toka 2011 kwenye posti ya afya karibu na machimbo ya dhahabu. Wachimbaji walimwita Dokta. Wengi walifika wakitetemeka, wamemeza tramadol, vidonge vya maumivu, wasisikie uchovu, na juu yake lutuku, pombe kali ya mihogo. Wengine aliwaokoa, wengine aliwafunika shuka.

Tarehe 8 Agosti 2009 alifunga ndoa na Nsimire, aliyekuja toka Bukavu kuuza vitenge. Mungu aliwapa watoto watatu.

Mwaka 2019 alianguka na pikipiki kwenye daraja la miti, akaumia mgongo. Tramadol ilikuja kama dawa. Baadaye vidonge viliongezeka, na lutuku ikafuata.

"Miye niko infirmier, muuguzi wa kusomea, najua kipimo," alimwambia mkewe.

Nsimire akamjibu, "Na ule kijana wa machimbo mulizika juzi, hakusemaka vile vile?"

Mei 2022 mgonjwa aliyevunjika mkono alikosa dawa ya maumivu, kwa kuwa Blaise alikuwa ameimeza. Kesho yake alimpelekea mkubwa wake wa kazi ufunguo wa kabati la dawa. "Mupatie mwengine," alisema. "Kwangu hauko salama." Akalima mihogo miezi saba bila kugusa kitu, akanenepa, akacheka na watoto wake. Kisha maumivu ya mgongo yakamrudia, na sokoni vidonge vinauzwa kama karanga. Akavirudia.

Tarehe 8 Juni 2024 alianguka shambani kwa degedege. Dada yake mkubwa, Emilienne, alimshikilia juu ya pikipiki mpaka Kasongo. Hospitalini alipata fahamu kidogo, akamwambia, "Yaya, dada yangu, watu wakiuliza, musiseme malaria." Alifariki Jumanne asubuhi, tarehe 11 Juni, akiwa na miaka arobaini na mmoja.

Mjomba alitaka kwenye wasifu huu iandikwe "ugonjwa mfupi". Emilienne alikaa na karatasi muda mrefu, akiogopea jina la familia. Mwishowe aliandika kama Blaise alivyomwomba. Ugonjwa ule ulichukua miaka mitano.

Ameacha mama yake, mjane Nsimire, watoto Laura, Bruno na Plamedi, dada yake Emilienne, na wachimbaji waliomwita Dokta, ambao leo wamechimba kaburi lake.

Udongo wa Wamaza umpokee, na Mungu ampe amani.