Mwalimu Évariste Bisimwa, Mchoraji wa Vichwa Vikubwa

Marehemu Mwalimu Évariste Bisimwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kadutu, Bukavu, kifungua mimba wa fundi cherehani Bisimwa na Mama Nsimire. Alipata diploma ya Serikali ya biolojia na kemia mwaka 1981, akafundisha sekondari miaka kumi na tano. Wanafunzi wake wanakumbuka alivyokuwa akiwataja wanasayansi wa kale kama vile anataja wajomba zake. Alifunga ndoa na Brigitte tarehe 8 Agosti 1987, na suti aliyovaa ilishonwa na baba yake.

Vita vilimtoa darasani mwaka 1996. Alifika Johannesburg mwaka 1999, akalinda mageti Sandton, akajifunza kutengeneza fremu za picha Kensington, na mwaka 2006 akafungua duka lake Jules Street, Malvern. Mwaka 2013 mteja mmoja aliyekuwa akihamisha vitu vya marehemu babu yake alimwachia boksi la picha kutoka magazeti ya London ya enzi za Malkia Victoria. Ilikuwa michoro ya kuwakejeli wanasayansi wakubwa: vichwa kama maboga, viguu vyembamba, na yule mzee wa mageuzi ya viumbe amepewa mwili wa nyani. Évariste alicheka hadi machozi, kisha akalia kwelikweli.

"Brigitte, kuya uone!" aliita kwa Kiswahili cha kwao Bukavu. "Ni batu ya mu darasa yangu. Balinifwata mpaka huku!"

Tangu hapo akawa anawachora watu wa Jules Street vivyo hivyo. Mwaka 2015 alimchora mdogo wake, Mwinjilisti Hénock, kichwa kikubwa juu ya mwili wa jogoo, akautundika mchoro huo dirishani. Mtaa mzima ulicheka. Hénock aliingia amefura, akauchana mchoro, akatoka na kipande cha mkia mkononi. Hakukanyaga tena dukani kwa miaka kumi, na aliyepata hasara ni yeye.

Moyo ulianza kumsumbua Évariste mwaka 2023. Mei 2025, Évariste akiwa amelazwa hospitali, Brigitte alimweleza Hénock kwamba mchoro ule uliunganishwa kwa gundi siku ileile, ukatiwa fremu, na mpaka leo uko ukutani katikati ya wanasayansi. Hénock alikwenda hospitali na Biblia yake, ambamo alikuwa ameuhifadhi mkia miaka yote bila kujua kwa nini.

"Yaya, unisamehe," Hénock alimwambia kaka yake.

"Hata bale bakubwa ya sayansi, bamoja balikasirika," Évariste alijibu. "Mutu mwenye haumupendi, utamuchora ya nini? Leta mukia, nibandike."

Brigitte alileta mchoro na gundi kutoka dukani, naye akaubandika mkia mwenyewe. Alifariki tarehe 3 Juni 2025, Brigitte akiwa kando yake. Mchoro umechapwa nyuma ya programu hii ya mazishi, nanyi mnaruhusiwa kucheka.

Ameacha mjane, Brigitte. Mabinti wawili, Gaëlle na Arlène. Mjukuu mmoja, Shekinah. Na jogoo mmoja, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya.

Yaya, Mungu akupumzishe. Mkia uko mahali pake.